Sura ya 7: Kwenda kwa Bibi Kasulu na Watoto Wadogo

Mtoto wa miaka mitatu anaweza kukaa kwenye basi mchana kutwa bila kero, mradi basi linatembea. Dirishani anaona ng'ombe, milima, bodaboda na watu, na usingizi ukimjia analala. Basi hilo likisimama stendi nusu saa, jua linawaka, konda anaapa kwamba "tunaondoka sasa hivi", ndipo utakapomfahamu mwanao vizuri. Mimi ninakaa Kasulu, na kila Juni na Desemba nawaona wazazi wakishuka na watoto kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Arusha. Karibu wote wanalalamikia umbali. Ukiwasikiliza kwa makini, kilichowaumiza ni kusubiri: kusubiri basi liondoke, kusubiri tairi libadilishwe, kusubiri kwenye kizuizi, kusubiri chakula kiive kwa mwenyeji aliyefurahi mno hata akaamua kuchinja kuku saa tatu usiku. Umbali huwezi kuupunguza. Kwa kusubiri unaweza kujiandaa, na karibu yote nitakayosema hapa yanahusu hilo.

Kutoka Dar es Salaam hadi Kasulu ni zaidi ya kilomita 1,200. Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, kwa hiyo mtu anaweza kuondoka leo akafika kesho bila kulala popote. Asiye na mtoto afanye hivyo akipenda. Mwenye mtoto wa chini ya miaka mitano namshauri aikate safari vipande viwili, na kwa bahati kipande cha kwanza siku hizi kimekuwa chepesi. Tangu Julai 2024 treni ya umeme ya SGR inakwenda Dar es Salaam hadi Dodoma kwa saa nne hivi au pungufu. Watoto wa miaka 4 hadi 12 wanalipa nusu nauli, na walio chini ya hapo hawalipi. Watu huisifia kwa mwendo. Mimi naisifia kwa choo, kwa sababu kiko hatua chache kutoka kitini na mtoto hahitaji huruma ya dereva ili ajisaidie. Laleni Dodoma, watoto wakimbie jioni nzima, kesho yake mpande basi la Kigoma mkiwa na akili zenu.

Treni ya zamani, ile ya reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina mashabiki wake, na mimi ni mmoja wao. Watoto wanaipenda kwa sababu kila stesheni ni sinema: karanga, miwa, ndizi, na kuku wa Saranda wanaopandishwa hadi dirishani wakiwa bado wa moto. Familia kubwa ikikata vitanda vyote vya chumba kimoja inafunga mlango na kuwa nyumbani kwake. Lakini ni safari ya karibu siku mbili mambo yakienda vizuri, na ikichelewa huchelewa kwa masaa. Kwa mtoto anayetambaa, sakafu ya behewa siyo mahali pake. Nasema treni hiyo ni ya watoto kuanzia miaka sita. Wadogo zaidi wasubiri zamu yao. Ukishuka Kigoma, barabara ya kuja Kasulu kupitia Kidahwe ni ya lami, na magari hayakosekani mchana.

Wanaokuja na basi kwa njia ya Kahama hupitia Nyakanazi, Kakonko na Kibondo, barabara iliyokuwa ikisifika kwa vumbi la kiangazi na matope ya masika na ambayo imekuwa ikiwekwa lami kipande kwa kipande. Kata siti za katikati, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ambako mtikisiko ni mdogo. Siti za mbele kabisa, zinazotazamana na kioo, usikubali hata ukipewa kwa heshima. Na kama mfuko unaruhusu, mkatie mtoto tiketi yake. Mtoto wa miaka minne aliyepakatwa kutoka Dodoma hadi Kibondo anamchosha anayempakata, anamchosha jirani, na yeye mwenyewe hapumziki.

Kutapika ndiyo kero ambayo wazazi huiuliza zaidi. Asubuhi ya safari mpe kitu kikavu na kidogo: mkate, kiazi cha kuchemsha, ndizi mbivu. Chipsi za stendi, maziwa na soda vingoje mwisho wa safari. Mwelekeze atazame mbali dirishani, na simu yenye katuni iwekwe mfukoni barabara ikianza kona. Atatapika hata hivyo, huenda. Zamani konda alikuwa na rundo la mifuko ya plastiki ya kugawa. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, na marufuku hiyo naiunga mkono, ila hakuna aliyemfikiria mama mwenye mtoto anayetapika karibu na Kahama. Dawa yake ni kopo. Tafuta kopo la rangi la lita nne, lisuguliwe likauke, lenye mfuniko unaobana na mkono wa kushikia. Chini tandika gazeti lililochanwa na konzi ya majivu. Likae miguuni pako, si kwenye buti. Likitumika, funika, na kwenye kituo kinachofuata unamwaga chooni, unasuuza, unaweka gazeti jingine. Kopo hilo hilo ni poti usiku, ukiwa na jingine la akiba. Nimeona mama akishuka Kasulu na kopo lake begani kama mtu anayetoka kazini, watoto wasafi, gauni halina doa.

Pamoja na kopo, beba kanga doti moja ambayo hutaisikitikia. Kipande kimoja ni blanketi, pazia la jua, kitambaa cha kunyonyeshea, na ukuta wa faragha pale abiria wanaposhuka kuchimba dawa. Dereva akisimama, mshushe mtoto hata kama anaapa kwamba hana haja. Haja huwa inakuja dakika kumi baada ya basi kuondoka. Mshike mkono kwenda na kurudi, mkae upande ule ule wa mlango wa basi, msivuke barabara kwa sababu kichaka cha ng'ambo kinaonekana kizuri zaidi. Kipande cha pili kikae kikavu ndani ya begi la mkononi pamoja na nguo moja kamili ya kubadilisha kwa kila mtoto, na moja yako. Wazazi hubeba za watoto wakasahau kwamba matapishi huishia kwa aliyepakata.

Mkoa wa Kigoma unapakana na Burundi, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ni Kongo. Maofisa wa Uhamiaji na polisi hukagua mabasi, na huko kukaguliwa ndiko kusubiri kwingine. Beba kitambulisho chako na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, mahali ambapo mkono unafika bila kufungua mabegi. Shangazi anayesafiri na watoto wa kaka yake, au baba aliye peke yake, abebe na barua fupi ya wazazi yenye namba za simu. Barua hiyo haigharimu kitu, na inafupisha maswali ambayo watoto wakiyasikia huanza kulia na kuyarefusha.

Ukishatoka Kibondo kuelekea Kasulu utapita Makere, na hapo uko jirani na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita vya Kivu Kusini, na kuanzia 2015 ikapokea Warundi pia. Si mahali pa kupeleka watoto kutembea: kuingia kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na wenyewe wanaoishi humo hawaruhusiwi kwenda zaidi ya kilomita 4 nje ya kambi bila kibali. Naitaja kwa sababu katika nyanda hizi za juu hakuna waliosafiri na watoto wadogo katika hali ngumu kuliko watu wa Nyarugusu, na walichokiona kina la kumfundisha hata anayekwenda kula sikukuu.

Mei 2015 maelfu ya Warundi walirundikana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, bila barabara ya kutokea. MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, iliwabeba watu 600 hivi kwa safari moja hadi Kigoma. Wakashukia uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakawapeleka Nyarugusu. Kipindupindu kilizuka katika kusubiri huko. Wagonjwa walifika maelfu, na watu wapatao 30 walifariki. Mtoto anayeharisha anauawa na ukavu wa mwili, na ukavu huo unaweza kumfikia ndani ya saa chache. Kwa hiyo pakiti za ORS ziwemo kwenye begi la mkononi kabla ya biskuti. Ukikosa pakiti, chukua lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, koroga, mpe kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika kumi, endelea. Anayenyonya aendelee kunyonya. Akilegea, macho yakizama, au akikosa machozi anapolia, hiyo si kazi yako tena, ni ya kituo cha afya kilicho karibu.

Safari nyingine ya Nyarugusu ni ile ya angani. Kwa miaka kadhaa Wakongo wengi walihamishiwa Marekani, mpaka Januari 2025 nchi hiyo iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Fikiria familia ya baba, mama na watoto sita ambayo haijawahi kupanda hata ngazi za umeme, inaondoka kambini kwa basi, inapanda ndege moja baada ya nyingine, inatua kwenye baridi. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM) ndilo lililokuwa likiwasafirisha, na kila familia ilipewa mfuko wa plastiki wenye nembo, ndani yake hati zote, na agizo moja: mfuko huu hautoki mkononi mwako. Hauingii kwenye begi la kupakia wala hapewi mtoto aushike. Ukisafiri na watoto, hata kama ni Kigoma tu, iga hilo: mtu mzima mmoja, mfuko mmoja, vyeti, tiketi, hela na kadi za kliniki humo. Kabla ya kuruka walipewa dawa za minyoo na za malaria, na walipitia mafunzo ya mambo ambayo msafiri mzoefu hadhani kama yanafundishika, kama vile kufunga mkanda na kutumia choo cha ndege.

Wazazi wengi wa mjini hawamfundishi mtoto lolote. Wanampeleka uwanjani wakidhani furaha itatosha. Ndege za Air Tanzania hutua Kigoma, na kama ndiyo njia yenu, chezeni ndege nyumbani wiki moja kabla: viti vya jikoni viwili viwili, kanga ndiyo mkanda, baba ndiye rubani, na hakuna kusimama mpaka rubani aseme. Mwambie kwamba masikio yataziba na kwamba kumeza kunayafungua. Mchanga anyonyeshwe ndege inapopaa na zaidi inaposhuka, kwa sababu maumivu makali huwa wakati wa kushuka. Mkubwa apewe kitu cha kutafuna. Familia ikiwa na watoto wengi, kila mkubwa akabidhiwe mdogo mmoja wa kumshika mkono, naye mdogo aambiwe ni nani anayemshika. Kwa watoto wa Nyarugusu hilo si jambo la kuambiwa.

Sasa umefika kwa bibi. Hapa ndipo wazazi hulegeza kamba, na hapa ndipo pa kuikaza. Utafiti wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 uliukuta mkoa wa Kigoma ukiongoza Tanzania Bara: karibu mtoto mmoja kati ya wanne walio chini ya miaka mitano alikuwa na vimelea. Watoto wa Kasulu wanaougua mara kwa mara hujijengea kinga kiasi. Mwanao wa Mbezi au Njiro hana. Njoo na chandarua chake chenye dawa, misumari minne na kamba, kisha kabla ya salamu kuisha kifungwe. Usitegemee cha wageni, kwa sababu wageni wa Desemba ni wengi na wajukuu hulazwa watano watano. Akipata homa, apimwe siku hiyo hiyo. Na mkisharudi mjini, homa yoyote ndani ya mwezi mmoja au zaidi, mwambie daktari mlikuwa Kigoma, hata asipouliza.

Baridi huwashangaza wengi. Kasulu iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai mtoto aliyezoea joto la Dar es Salaam anahitaji sweta, soksi na kofia. Desemba ni mvua, kwa hiyo jozi mbili za viatu, moja ya kuchafuka. Peku asitembee, hata kama binamu zake wote wako peku. Kuna funza. Mkague vidole vya miguu kila jioni anapooga, ukianza na pembeni mwa kucha. Funza akiwa ameingia, mwachie bibi au muuguzi amtoe kwa sindano safi.

Choo cha shimo ni suala la pekee. Mtoto wa miaka mitatu akikitazama kile kitundu cheusi anaamini kitammeza, na usimcheke, kwa sababu kwa kimo chake hofu hiyo ina msingi: kuna vyoo ambavyo tundu lake linampita mtoto. Asiende peke yake hata mchana. Tumia kopo la safari mpaka azoee, na unapomwaga mpeleke aone. Kwa kawaida siku ya tatu anataka kwenda mwenyewe, akishikwa mikono miwili.

Chakula hakina shida kama wengi wanavyohofia. Ugali wa muhogo unanata kuliko wa mahindi na watoto wengine huukataa mara ya kwanza. Maharage yaliyopikwa kwa mawese wanayakubali upesi. Dagaa na mgebuka wa ziwani ni watamu, mchambulie miiba mwenyewe. Maji ya kunywa yachemshwe, na useme hivyo kwa adabu mapema, kwa mfano kwamba daktari ndiye aliyeagiza. Mzigo wa lawama ukiwa kwa daktari asiyekuwapo, hakuna anayeudhika. Wafundishe watoto kusema "mwakeye" asubuhi. Bibi akiamkiwa kwa Kiha na mjukuu wa mjini, atamsamehe mengi mengine ya wiki hiyo.

Wakishatulia, watataka ziwa. Shukeni nao Kigoma, lakini kumbuka kwamba Ziwa Tanganyika hushuka kina ghafla hatua chache kutoka ufukweni, lina mamba sehemu nyingine, na karibu na vijiji na midomo ya mito kuna kichocho. Ogeleeni mahali panapotumiwa na wageni kwa kawaida na muwaulize wenyeji kwanza. Boti haipandwi bila jaketi la kuokolea linalomtosha mtoto. La mtu mzima litampitia kichwani akiwa majini. Asubuhi ziwa hutulia kuliko alasiri.

Hifadhi ya Gombe hufikiwa kwa boti tu, na wazazi hujiuliza kama wapeleke watoto wakaone sokwe. Kwa wadogo jibu langu ni hapana. Kufuatilia sokwe kuna ukomo wa umri, ambao uulize kabla ya kulipa, na sababu yake ni ya haki pande zote mbili. Sokwe huambukizwa magonjwa yetu: mwaka 1966 polio iliwalemaza na kuwaua baadhi ya sokwe wa Gombe, na mafua yetu ya kawaida yanaweza kuwaua. Mtoto mdogo anayetiririka kamasi ni hatari kwao, nao ni hatari kwake. Jane Goodall, aliyefika Gombe Julai 1960 na kufariki Oktoba 2025, alizaa mtoto wa kiume mwaka 1967 na kumlea huko huko kando ya ziwa. Mwanamke huyo aliyewapenda sokwe kuliko karibu mtu yeyote duniani alimwekea mwanawe mahali pa kuchezea palipozungushiwa wavu, kwa kuwa alijua kwamba sokwe huwinda nyani wachanga na waliwahi kunyakua watoto wachanga wa binadamu. Kama yeye alizungushia wavu, wewe wa likizo ya wiki mbili usione haya kubaki ufukweni na mdogo huku mwenzako akipanda mlima.

Kabla ya kukata tiketi, basi, mpigie bibi simu. Mwulize kama kuna mahali pa kufungia chandarua, kama tundu la choo linamtosha mtoto kutumbukia, na zahanati yenye kipimo cha malaria iko mwendo gani kwa bodaboda. Kopo la rangi uje nalo.